Handaki la Nyumbani: Lisilokalika Haliokoi

Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22 ilitumwa kupiga ghala la mafuta la Mwanza, nchini Tanzania. Mabomu yake yalikosa shabaha, yakaangukia hifadhi ya wanyama. Mtu mmoja alijeruhiwa kidogo na wanyama kadhaa wakafa. Tanzania haikukawia kujibu. Ndege zake za kivita ziliruka, zikayapiga maghala ya mafuta ya Kampala, Jinja na Tororo. Hivyo vita vilivyoanza mbali, katika nchi ya mto Kagera, mwezi Oktoba 1978, vikafika kwa njia ya anga mpaka chini ya lile jiwe kubwa la Tororo, karibu kabisa na mpaka wa Kenya.

Kwa watu wa Tororo huo haukuwa mshtuko wa kwanza. Mwanzoni mwa mwezi huo huo wa Machi, wapiganaji waliompinga Idi Amin walikuwa wameingia mjini na kuishika kambi ya jeshi kwa muda mfupi, kabla ya majeshi ya Serikali kuirudisha. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, na Jinja tarehe 22 Aprili, kisha mapigano yakaelekea mashariki na kaskazini. Vita vyenyewe vilikoma tarehe 3 Juni 1979.

Habari za vita hivyo huelezwa mara nyingi kwa majina ya majenerali na ya miji iliyotekwa. Ni nadra kuulizwa swali la mama aliyekuwa jikoni siku ile ndege zilipopita: alipaswa kukimbilia wapi, yeye na watoto wake, na huko alikokimbilia wangeweza kukaa kwa muda gani? Jibu la sehemu ya kwanza ni la zamani, nalo ni fupi: ardhini. Jibu la sehemu ya pili ndilo lenye kazi, kwa maana handaki lisilokalika halitumiki, na handaki lisilotumika halimwokoi mtu.

Anayeua ni kipande

Watu wengi hudhani kwamba handaki ni la kumkinga mtu na bomu linalomwangukia utosini. Sivyo. Bomu zito likitua juu ya handaki dogo la nyumbani, hapana cha kufanya. Lakini mahali bomu linapotua ni padogo, na mahali linapodhuru ni papana. Wengi wa wanaokufa au kujeruhiwa hupigwa na vipande vya chuma vinavyoruka, na mshindo wa hewa, na vioo vya madirisha, na mabati yanayong'oka, na kuta zinazoporomoka. Takriban vyote hivyo husafiri kwa ubavu na kwenda juu. Mtu aliye chini ya usawa wa ardhi hupitwa navyo kichwani.

Ndiyo sababu shimo la bure laweza kushinda nyumba ya thamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Waingereza walikadiria kwamba ili kuzuia vipande vya bomu lililoanguka karibu, ulihitajika ukuta wa matofali wenye unene wa sentimita 34 hivi, au zege lenye nondo la sentimita 30 hivi, au udongo wa sentimita 75 hivi. Nyumba nyingi hazina ukuta wa unene huo. Ukuta wa fito na udongo hupenywa mara moja, na paa la mabati hugeuka kuwa visu. Bali udongo wa sentimita 75 upo kila ua, nao hauuzwi dukani. Hata jirani wa kiwanda cha saruji cha Tororo hana haja ya kununua mfuko mmoja ili aanze kujikinga. Ahitaji jembe, sururu, koleo na majirani wawili wenye nguvu.

Mahali pa kuchimba

Kabla ya kuchimba, yafaa mwenye nyumba ajiulize ni nani jirani yake. Tororo ni njia panda ya reli: njia kubwa yatoka Malaba kwenda Jinja na Kampala, na tawi lake lapanda kwenda Mbale na Soroti. Iko kambi ya Rubongi, kiko kiwanda, na yako mafuta. Katika vita, rubani huvitafuta vitu kama hivyo. Anayeishi kando yake afanye handaki lake kwa bidii zaidi, na ikiwezekana familia ihamie kwa ndugu shambani mapema, kabla barabara hazijajaa.

Karibu na mafuta handaki laweza kuwa mtego. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kujaa mashimoni, ukingoja cheche moja tu. Jambo hili laihusu Busia na Malaba hata siku za amani, kwa kuwa malori ya mafuta husimama huko foleni ndefu kungoja kuvuka. Handaki lisichimbwe bondeni mwa mahali yanaposimama malori hayo, wala karibu na kituo cha petroli.

Pili, handaki lisikae chini ya ukuta. Liwe mbali na nyumba walau kadiri ya urefu wa ukuta wake, ili ukuta ukianguka usiwafukie waliomo. Lakini lisiwe mbali mno: mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi lazima aweze kulifikia gizani kabla ya dakika moja kwisha. Tatu, lisikaribie choo cha shimo. Nne, atazame maji. Kandokando ya mto Sio karibu na Busia, na katika mabonde ya mafunjo yanayouzunguka mto Malaba, mchimbaji hukuta maji kabla hajafika kiunoni. Hapo haifai kushindana na ardhi. Achimbe kidogo tu, kisha apandishe kuta za magunia ya mchanga juu ya ardhi. Hali kadhalika mahali penye mwamba. Mawe matupu yasitumiwe kuwa ukuta, kwa sababu yakipigwa hupasuka na kuwa vipande vipya.

Umbo lake

Handaki jema ni jembamba na lililopinda. Upana wa chini wa sentimita 60 hadi 75 watosha watu kukaa na kupishana. Likizidi hapo, hualika vipande vya bomu kuingia. Kina chake kiwe kama kimo cha mtu mzima. Lisinyooke kama mfereji, bali lipinde kwa pembe kama herufi L au Z, kwa sababu mshindo na vipande vikiingia upande mmoja husimamishwa na kona, na walio upande wa pili husalimika. Askari aliyepata mafunzo aijua kanuni hiyo tangu kuruta. Handaki la watoto wake lataka heshima ile ile.

Udongo unaotolewa utupwe mbali kidogo na ukingo, nusu mita au zaidi, la sivyo uzito wake utazivunja kingo na kuwafukia wachimbaji wenyewe. Mahali penye udongo mlegevu, kuta zishikwe kwa fito zilizosukwa kama za nyumba, zikisimamishwa na nguzo. Milango iwe miwili, mmoja kila mwisho, ili mmoja ukizibika wapite mwingine. Ngazi zichongwe katika udongo, fupi na pana, si za kuruka.

Paa si lazima, lakini lafaa dhidi ya vitu viangukavyo. Hulazwa magogo mazima yakivuka ukingo kwa nusu mita kila upande, juu yake mabati au majamvi mazito, kisha udongo wa nusu mita ulioshindiliwa. Hapa yapo maonyo mawili. Udongo ukilowa huwa mzito, na gogo jembamba huvunjika. Tena katika nchi ya vichuguu kama hii, mchwa hawalali: gogo lililozikwa leo laweza kuwa ganda tupu baada ya miezi michache. Magogo yachaguliwe ya mti mgumu, na kila mwezi yagongwe kwa nyundo. Mlio wa utupu ni amri ya kubadilisha. Asiye na magogo ya kuaminika ni heri aliache handaki wazi kuliko kulala chini ya paa litakalomwua.

Mvua za Aprili

Vita havingojei kiangazi. Mwaka 1979 mapigano yalipamba moto kati ya Machi na Mei, na hiyo ndiyo miezi ya masika katika Busia na Tororo. Handaki lililochimbwa Februari bila hadhari huwa kisima mwezi Aprili. Mama atakayeshuka usiku na kukuta maji ya magoti hatashuka tena usiku wa pili.

Kwa hiyo sakafu iinamishwe kidogo kuelekea upande mmoja, na mwisho wake lichimbwe shimo dogo la kukusanyia maji, litekwe kwa debe kila asubuhi. Kuzunguka mdomo wa handaki uinuliwe ukingo wa udongo ulioshindiliwa, na mtaro wa kuyageuza maji ya uani. Juu ya sakafu zitandazwe changarawe au fito, ili miguu isikae matopeni. Watengewe kiti cha udongo ukutani, au ubao juu ya matofali.

Maji yaliyotuama yana hatari nyingine isiyo na mlio. Wilaya ya Tororo imejulikana kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa mahali palipo na malaria kali sana. Familia inayokwepa bomu na kuwazalia mbu uani imebadilisha adui tu. Maji yatekwe, vyandarua viteremshwe pamoja na watoto, na handaki lisilotumika lifunikwe.

Yaliyowapata wengine

Waingereza walijifunza neno hili kwa gharama. Kuanzia mwaka 1939 Serikali yao iligawa kwa mamilioni ya wananchi handaki la mabati mazito yaliyokunjwa, lililoitwa Anderson. Lilizikwa zaidi ya mita moja ardhini, likafunikwa udongo wa sentimita 38 hivi, nalo lilitosha watu 6. Wenye kipato kidogo walilipata bure. Wengi walipanda mboga na maua juu ya paa lake. Dhidi ya vipande vya bomu lilikuwa imara. Dhidi ya maji na baridi lilikuwa dhaifu. Usiku baada ya usiku watu wakachoka na unyevu wake, wakarudi kulala vitandani, na mabomu yakawakuta huko.

Ndipo mwaka 1941 ikatolewa kinga ya namna nyingine, iliyoitwa Morrison. Ilikuwa meza ya chuma yenye kuta za wavu. Mchana familia ilikula chakula juu yake, na usiku ikalala chini yake, ndani ya nyumba. Haikuweza kuzuia bomu, lakini nyumba ikiporomoka, waliolala chini yake mara nyingi walitolewa hai. Walioibuni walitambua kwamba mtu aliyechoka hutafuta usingizi, basi wakamletea kinga pale pale anapolala.

Huko Hanoi, wakati Marekani ilipoipiga Vietnam ya Kaskazini kwa mabomu, kando ya barabara zilichimbwa tundu za mtu mmoja mmoja, zilizojengwa kwa zege na kuwekewa kifuniko. Mpita njia aliposikia king'ora aliruka ndani na kuvuta kifuniko. Nchini Tanzania, katika vita vya 1978 na 1979, wananchi walichimba mahandaki mijini na kuzima taa usiku ili rubani asione mji. Karibu zaidi nasi, katika milima ya Nuba nchini Sudan, tangu vita vilivyoanza mwaka 2011, familia zilichimba mashimo nje ya nyumba na shule kwa kuziogopa ndege za Antonov. Watoto wa huko walijifunza kuutambua mngurumo wa ndege kabla haijaonekana, na aliye mbali na shimo alijua kulala kifudifudi papo hapo. Vita vya Sudan vilivyozuka Aprili 2023 vimewaleta wengi wa nchi hiyo hadi Uganda, kama vile katika makazi ya Kiryandongo. Kwa watu hao handaki si hadithi ya mababu.

Maisha ndani

Saa moja ardhini ni ndefu kuliko saa tatu juani. Hewa huwa nzito, watoto hulia, wazee huhisi mifupa, na kila mmoja hutega sikio. Mengi ya taabu hizo hupungua kwa maandalizi madogo ya nyumbani.

Maji ya kunywa yawekwe katika jerikeni lenye kifuniko, yabadilishwe kila siku. Chakula kiwe kisichohitaji moto: karanga za kukaanga, viazi vitamu vilivyochemshwa, ndizi mbivu, au uji wa wimbi katika chupa ya kuhifadhi joto. Pembeni, nyuma ya kipande cha gunia, iwekwe ndoo yenye kifuniko na debe la majivu, ili haja isiwe aibu wala ugonjwa. Karatasi za familia, yaani vitambulisho, vyeti vya watoto, kadi za kliniki na daftari la posho, zikae daima katika mfuko mmoja wa nailoni karibu na mlango wa nyumba. Dawa za mgonjwa wa kudumu ziwe humo humo. Kabla ya kushuka, mtu mzima mmoja apitishe fimbo na tochi, kwa kuwa nyoka na nge nao hupenda mahali pa baridi penye giza.

Kuhusu moto, kanuni ni kali. Jiko la makaa lisiingizwe handakini hata kukiwa na baridi ya namna gani. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Hulaza watu usingizi, wasiamke. Koroboi nayo hula hewa na kujaza moshi. Tochi yatosha.

Mtoto naye apewe kazi. Mmoja ashike redio, mwingine mfuko wa karatasi, mwingine ahesabu watu. Mtoto mwenye kazi hulia kidogo. Hadithi na vitendawili viwe tayari, maana sauti ya mama inayosimulia bila kutetemeka huwatuliza watoto kuliko unene wa ukuta.

Mkuu wa handaki

Katika nyumba ya askari au polisi, siku ya hatari baba hayupo. Yuko zamu, au yuko mstari wa mbele. Hivyo mkuu wa handaki ni mama, naye apewe ukuu huo waziwazi mbele ya watoto na jamaa wote kabla siku haijafika. Yeye ndiye atakayesema "shukeni", na ndiye atakayesema "bado msitoke". Baba anayekuja likizo asiyapindue maagizo yake. Kazi yake iwe kupima kuta, kugonga magogo na kuchimba mtaro upya, ili arudipo kazini moyo wake usibaki nyumbani.

Jinsi utaratibu unavyoweza kuwa na uzito kuliko zege, yaonekana katika msiba wa Bethnal Green, London, tarehe 3 Machi 1943. King'ora kililia, watu wakaanza kuteremka ngazi za stesheni ya reli ya chini ya ardhi iliyokuwa kinga yao. Mara mizinga mipya ya kutungulia ndege ikafyatuliwa karibu kwa mlio ambao hawakuuzoea. Walio nyuma wakasukuma. Chini ya ngazi, penye mwanga hafifu na pasipo na nguzo ya kushika katikati, mtu mmoja akaanguka, wengine wakamwangukia. Walikufa watu 173, wengi wao wanawake na watoto. Hakuna hata bomu moja lililoanguka pale. Handaki lao lilikuwa la kina na imara kabisa. Lililokosekana ni kitu cha kushika, taa, na mtu wa kuongoza mlangoni.

Kwa hiyo zoezi lifanywe. Mara mbili mchana, na mara moja usiku bila taa, jamaa wote washuke kwa zamu iliyopangwa: kwanza mkubwa mmoja mwenye tochi, kisha watoto na wazee, mwisho mkubwa mwingine anayehesabu. Asikimbie mtu ngazini.

Mpaka mmoja, hofu moja

Si ndege peke yake zinazowafanya watu walale chini. Desemba 1987 risasi zilirushwa mpakani Busia baina ya vikosi vya Uganda na vya Kenya, na mpaka ukafungwa. Miji hiyo miwili ina jina moja. Watu wake wameoana, husali pamoja na huuziana samaki na mahindi kila asubuhi. Risasi haikujua nani wa upande gani. Kabla ya mwaka kwisha Rais Moi na Rais Museveni walikutana Malaba, na hatua kwa hatua njia ikafunguka. Mwaka 2018 kituo kimoja cha pamoja cha ukaguzi kikazinduliwa Busia, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Wahenga walisema fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Watu wa mpakani ndio wanaojua ladha ya methali hiyo.

Handaki basi si dalili ya woga, wala si kuwatakia majirani mabaya. Ni kama ndoo ya mchanga iliyotundikwa ukutani: hutunzwa ili isitumike. Lakini hatari ikiisha kweli, lisiachwe wazi. Shimo lililosahauliwa huvunja miguu ya ng'ombe, huzamisha watoto wakati wa masika, na huzaa mbu mwaka mzima. Kitu chochote cha chuma kisichojulikana kikionekana humo au kandokando kisiguswe, polisi waitwe. Kisha magogo yaondolewe, takataka za shamba na samadi zijazwe pamoja na udongo ule ule uliotolewa, na juu yake upandwe mgomba. Udongo uliolimwa kwa kina hivyo hushika maji vizuri, na baada ya mwaka mmoja au zaidi kidogo jamaa watakata mkungu mahali walipokuwa wakihesabiana gizani.